Aliyemnyima Mama Shikamoo

Safari aliyoikubali Mama Geofrey ilikuwa ya kumrudisha Cecilia kazini Dodoma, kuona anapopanga huko Nzuguni, kula zabibu, kisha kurudi Tanga kabla ya Jumapili. Mpwapwa haikuwemo kabisa. Mpwapwa iliingizwa na wanawe wawili, Cecilia na Geofrey, kwa minong'ono ya jikoni, na yeye aliijua pale Mbande tu, Noah ya familia ilipoiacha barabara kuu na kukata kushoto.

"Geofrey, Dodoma si mbele?"

"Ni mbele, mama. Ila baba anataka kuona kanisa la wamisionari, Mpwapwa."

Baba yao, Mzee Charles Mhina, alikuwa anasinzia kiti cha mbele. Alifungua jicho moja. Hakukumbuka kutaka kuona kanisa lolote, lakini yeye ni mzee wa kanisa huko kwao Muheza na hakuona sababu ya kukana jambo jema kama hilo. "La zamani sana," akasema, akalifumba jicho.

Anayetaka kuielewa nyumba hii aanzie hapo. Mzee Charles ndiye msemaji, na mkewe Debora, ambaye kila mtu anamwita Mama Geofrey, ndiye mwamuzi. Baba husema ndiyo baada ya mama kuamua ndiyo, na wote wawili wameishi vizuri hivyo tangu waoane.

Cecilia, kiti cha nyuma, alitazama nje. Mwezi wa sita huko mavuno yameshaingia ndani, mabua ya mtama yamebaki makavu shambani, na upepo wa baridi unapita bila kuzuiwa na kitu. Mama yake naye aliyatazama hayo hayo, akajifunika khanga ya pili mabegani.

"Nchi gani hii haina hata mnazi mmoja? Wanaungia nini mboga?"

"Karanga, mama."

"Karanga." Alilitamka neno hilo kama anavyotamka jina la ugonjwa.

Cecilia alikuwa na sababu ya kuchunga ulimi. Kabla hawajaondoka Tanga, mshenga wa kina Thomas alikuwa amekuja nyumbani, kala wali wa nazi na samaki kibua, kaambiwa arudi Jumapili achukue jibu. Thomas ni mtoto wa watu, ana kazi bandarini, anaimba kwaya. Hakuna aliyemlazimisha Cecilia. Aliulizwa tu kama ana mtu, na yeye, mwanamke mzima wa miaka ishirini na nane, akasema hana. Alisema hivyo kwa sababu mtu aliyekuwa naye ni Mgogo wa Mpwapwa, na mama yake alikuwa na msimamo wake kuhusu bara: kukavu, mbali, na binti akiolewa huko utamwona Krismasi kwa Krismasi.

Mtu huyo aliitwa Yotham Chilewa, mtaalamu wa mifugo. Walikutana Chimwaga, kwenye maabara ya chuo anakofanya kazi Cecilia, alipoleta damu ya mbuzi kupimwa. Mbuzi walikuwa na homa. Akaleta tena, mbuzi wakiwa wazima. Alipoleta mara ya tatu Cecilia alimuuliza kama iko siku atakuja bila kumchoma sindano mnyama asiye na hatia, na Yotham akacheka mpaka akaegemea mlango. Mapenzi mengi huanza na upuuzi wa namna hiyo, na anayesema ya kwake yalianza kwa heshima anadanganya.

Mpango ulikuwa mwepesi. Wageni wapite kwa kina Yotham, "rafiki wa kazini", wale chakula cha mchana, na Yotham amchekeshe mama. Ulimi huo Mungu alimpa. Angeweza kumchekesha hata afisa wa kodi. Mama Geofrey akishacheka na mtu hawezi tena kumkataa, ndivyo Mzee Charles mwenyewe alivyompata. Neno mapenzi lisitajwe. Lingetajwa nyumbani, Jumamosi, mama angali anacheka.

*

Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, bati jipya, zizi kubwa ubavuni, na njia nyembamba ya mchanga kutoka walipoegesha gari hadi mlangoni. Yotham alikuwa anaishuka njia hiyo kuwapokea. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama. Cecilia hakuwa amemwona tangu likizo ianze. Alitamani kuushika mkono wake mbele ya watu wote, na badala yake akaushika mkoba.

"Shikamoo baba," Yotham alimwambia Mzee Charles.

"Marahaba, kijana. Hujambo? Kanisa liko wapi?"

"Kanisa, baba?"

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka, Mama Geofrey akashuka, dera la safari limekunjamana, ndala miguuni. Aliinua uso wake wa kusalimiwa, kwa maana ana uso maalumu wa kusalimiwa, na akaiweka tayari marahaba.

Yotham akamtazama mara moja tu. Kisha akainamisha kichwa, akaiacha njia, akageuza mgongo na kupita katikati ya mabua makavu, haraka, mpaka akapotelea nyuma ya zizi.

Upepo ukapiga. Mama Geofrey akabaki na marahaba yake mdomoni.

"Huyo kijana," akasema taratibu, "ni mzima?"

"Labda... labda ng'ombe kafunguka, mama," Geofrey akasema.

"Ng'ombe. Baba yako kamsalimia na ng'ombe akiwa huko huko. Nimeshuka mimi ndiyo ng'ombe kafunguka."

Mama mwenye nyumba, Loisi, alikuwa ameshatoka mlangoni na kuyaona yote. Ni mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi. Mwanawe alikuwa amemwambia kuna wafanyakazi wenzake watapita, apike chochote. Alimwona mwanawe akitokomea. Akamtazama mgeni aliyekimbiwa, akamtazama na binti aliyesimama kando ya mgeni huyo, uso umemshuka. Akajifuta mikono iliyojaa unga.

"Mbukwenyi," akawasalimia hatimaye kwa Kigogo. "Karibuni ndani. Karibu sana, mama. Chakula kitachelewa."

"Tumesikia harufu yake barabarani," alisema Mzee Charles kwa furaha.

"Ule mlenda? Ule tutakula wenyewe." Na Loisi akapaza sauti juu ya uzio, akimwomba jirani kwa Kigogo, na neno pekee ambalo wageni walilielewa ni sauti ya mbuzi iliyojibu.

*

Cecilia alimkuta Yotham nyuma ya zizi, ameegemea mti wa uzio, anatazama ng'ombe ambao hawakuwa na tatizo lolote.

"Umefanya nini?" akamuuliza. "Yotham, umefanya nini?"

"Najua."

"Hujui! Kitu kimoja nilikuomba. Kimoja! Msalimie mama yangu, mchekeshe. Wewe unayechekesha watu msibani!"

"Nilijiandaa, Sesi. Naapa. Jana nimesimama mbele ya kioo nikasema shikamoo mama, karibu Mpwapwa. Nilikuwa na kisa kabisa cha kumwambia, kile cha beberu aliyeingia kanisani saa ya sadaka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Halafu akashuka. Nikaona macho yako kwenye uso wake. Nikajua huyu ndiye aliyekuzaa. Miguu ikaondoka yenyewe."

"Miguu."

"Bibi aliyenilea alinifundisha hivyo. Mama wa mkeo humtazami usoni. Humpi mkono, hutafuni mbele yake. Ukimwona anakuja unampisha njia yote. Bibi alikuwa anasema, aliyekuzalia mke ameshakupa kila kitu, sasa ukimkodolea macho unamdai nini tena?"

"Wenzako wote wanakula na wakwe zao! Juzi umenitumia picha rafiki yako anacheza na mama mkwe ukumbini."

"Hao hawakulelewa na bibi yangu."

"Na mimi si mke wako!"

Lilimtoka kabla hajalipima. Ng'ombe mmoja alikohoa. Yotham alimtazama, na mtazamo huo Cecilia alikuwa ameukumbuka kila usiku wa likizo, kitandani kwake Tanga, akijifanya amelala.

"Sijaleta mshenga, kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Mdomo wangu ungeweza kukukana mbele ya mama yako. Umezoea uongo wa mjini. Miguu haijazoea."

Cecilia alikuwa na hasira, na hakutaka iishe. Lakini alimpenda wakati ule kuliko siku zote alizompenda, jambo ambalo lilimwongezea hasira.

"Sasa nisikilize," akasema. "Mama hajui mambo ya bibi yako. Anachojua ni kwamba kijana kamnyima shikamoo. Nikimweleza kwa nini umemkimbia, nimemwambia wewe ni nani, na kwamba umejifanya mkwe bila posa. Kwetu hilo ni tusi kubwa kuliko hilo la kwanza. Nikinyamaza, wewe ni mhuni wa Mpwapwa tu, na Jumapili Thomas anapewa jibu. Unaona ulikonifikisha?"

"Nitarudi nimsalimie."

"Utaweza?"

"Nitaweza." Akajiweka sawa kola, akavuta pumzi, akaanza kwenda. Alipofika kona ya zizi alisimama. Cecilia aliona mgongo wa shati jeupe umelowa jasho katika baridi ile yote. Akaona kwamba angekwenda kweli. Angekwenda akamtazama mama usoni, akatabasamu, akasimulia kisa cha beberu, na angejisikia kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Angefanya hivyo kwa ajili yake, na asingemlaumu hata siku moja.

"Yotham. Acha."

Akageuka.

"Usiende. Kaa hapo hapo na ng'ombe wako. Nitasema mimi."

"Atakasirika."

"Mama yangu akikasirika hapigi. Anapika kwa kelele. Nimeshazoea."

*

Alichelewa. Mwanamke wa Pwani hawezi kukaa sebuleni kwa watu jiko likiwa linaunguruma, na Mama Geofrey alikuwa ameshajipeleka jikoni, kaketi kwenye kigoda, anachambua mchele ambao hakuna aliyemwomba auchambue. Loisi alikuwa anageuza nyama kwenye sufuria. Cecilia akasimama mlangoni.

"Mama Yotham," mama yake alikuwa anasema, "mimi ni mgeni, na mgeni hana kauli. Lakini nimelea, wewe umelea. Mwanao nimemkosea nini?"

"Hujamkosea."

"Mbona kanikimbia?"

Loisi akaweka mwiko chini. Alifikiri kama inafaa kusema, akaona binti mlangoni, na pengine aliona kwamba binti hana tena pa kujificha.

"Mwanangu hamkimbii mtu. Amewahi kumfukuza fisi zizini kwa rungu. Huku kwetu mwanamume akimpisha mwanamke namna ile, asimtazame, asimpe salamu, basi huyo ni mama mkwe wake. Siku hizi vijana wameacha. Huyu wangu kalelewa na bibi." Akageuza tena nyama. "Na mimi sikuambiwa, mama. Nimejionea pale mlangoni, kama wewe. Ndiyo maana nimechinja."

Mama Geofrey aliacha kuchambua mchele. Hakumtazama Loisi. Alimtazama bintiye, moja kwa moja, muda mrefu, na Cecilia alihisi amerudi kuwa mtoto wa darasa la pili aliyevunja birika.

"Cecilia."

"Abee mama."

"Umenileta ukweni?"

"Mama, nilitaka..."

"Umenileta ukweni na ndala?" Sauti ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. "Mikono mitupu? Hata kilo ya sukari sina! Mtoto wa kike hajaposwa, tumempakia kwenye gari tunampitisha mikoani kama muuza samaki. Wakisikia Muheza nitaficha wapi uso wangu?"

"Nisamehe mama."

"Na Thomas?"

"Thomas simpendi." Cecilia alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya jiko la watu. Machozi yalikuwa karibu, akayaacha yaje. "Nampenda huyu. Nilikudanganya sina mtu. Ninaye huyu, mama, na nikimkosa sitaweza kukulaumu wewe, nitajilaumu mwenyewe kwa woga wangu."

"Kupenda sijakuuliza. Nimeuliza mbona hukuniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ungelia, ukaniomba tena, nikakataa tena, shangazi zako wangeingilia kati, nikalegea. Ndivyo inavyofanywa! Nani kakwambia mama anaruka moja kwa moja kwenye kukubali?" Alitikisa ungo kwa nguvu. "Hata kukataa kwangu umeninyima."

Loisi alikohoa kidogo. Ilikuwa karibu sana na kicheko, na Mama Geofrey aliisikia.

"Wewe, mama, unacheka?"

"Nacheka, mwenzangu. Mimi wangu kaninyima hivyo hivyo."

*

Chakula kilipoletwa sebuleni, Mzee Charles, ambaye hakuna aliyekumbuka kumweleza, alinawa mikono, akasali sala fupi kuliko ilivyo desturi yake, na kunyoosha mkono kwenye paja la mbuzi.

"Baba Geofrey. Usile."

Mkono ukasimama hewani. "Kuna nini?"

"Hiyo ni nyama ya posa. Haijaletewa mshenga. Ukiitafuna hapa tumeshamtoa mtoto, tena kwa njaa."

Mzee Charles alitazama nyama, akamtazama mkewe, akamtazama binti yake mwenye macho mekundu, halafu akakumbuka kijana mwenye shati jeupe. Si mtu mjinga, ni mvivu wa kufikiri tu. Akaurudisha mkono kwa huzuni ya kweli.

Cecilia aliinama. Basi imekwisha, alijiambia. Kwa kina Yotham mama amekataa hata kula.

Mama Geofrey alimgeukia Loisi. Alikuwa amekwisha kujifunga khanga vizuri na kukaa kama watu wanavyokaa kwenye vikao.

"Mama Yotham, chakula chako kizuri na mimi si mtu wa kumwaga chakula. Tufungie. Tutaondoka nacho. Tukifika Nzuguni, kwenye chumba cha mwanangu, hapo tutakuwa tunakula kwetu, wala hatujamwahidi mtu. Na mshenga aje Tanga. Sina haraka, lakini asichelewe."

"Atakuja," Loisi alisema. "Na kina Thomas?"

"Hao nitawajibu mimi. Nitasema mtoto alikuwa na mtu, kosa ni la kwetu, nitapika na kuomba radhi. Kuaibika nimeshaanza leo, nitamalizia huko huko." Akanyanyua kidole. "Ila mshenga wenu awe mtu wa kunitazama. Mahari sitapatana na mgongo."

Safari hii Loisi alicheka waziwazi, na Mama Geofrey, akiwa bado amekunja uso, akacheka naye. Mzee Charles aliuliza kama angalau mchuzi unaruhusiwa. Akaambiwa mchuzi nao ni nyama.

Cecilia alitoka nje. Alitaka kukimbia hadi zizini amwambie. Lakini mama yake alitoka nyuma yake, hatua kwa hatua na Loisi, wakiagana kama wanawake wanavyoagana, yaani bila kumaliza, na pale mama alipokuwa Yotham hakuweza kuwepo. Sasa ilikuwa rasmi zaidi. Ikabidi apande gari bila kumuaga. Aliwahi kuagana naye mara nyingi kwenye vituo vya mabasi akiwa ameshika mkono wake mpaka dakika ya mwisho, akirudi nyumbani na moyo mzito. Leo hakumgusa hata kidole, na alikuwa na furaha mpaka kifua kikamuuma.

Geofrey aliwasha gari, akageuza. Mita chache kabla ya barabara tairi la nyuma likazama kwenye mchanga. Akakanyaga mafuta, likazama zaidi.

"Nishuke nisukume," alisema Mzee Charles.

Kabla hajafungua mlango gari lilitikisika. Mtu alikuwa amelishika kwa nyuma. Cecilia akageuka. Kwenye kioo kilichojaa vumbi la njia nzima aliona shati jeupe, mabega yameinama, viganja viwili vimebandikwa kwenye bati. Yotham aliinua kichwa. Walitazamana kupitia lile vumbi, yeye akasoma usoni kwa Cecilia kila alichokuwa anangoja kukijua, na nguvu alizoongeza baada ya hapo zililitoa gari mchangani kwa mara moja.

"Nani huyo aliyetusukuma?" Mzee Charles alikuwa anajinyonganyonga kitini atazame nyuma. "Ni yule kijana? Simama, Geofrey, tumshukuru. Mama Geofrey, mpungie mkono."

Mama Geofrey alikuwa amekaa wima pembeni ya bintiye, khanga imefunika kichwa, anatazama mbele.

"Mshukuru wewe, una ruhusa," akasema. "Mimi mkwewe. Sigeuki."